Nimeanguka. Je, bado nina nafasi kwa Mola wangu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu toba na rehema

Maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini, darsa ikisha na watu wakishatawanyika, au kwa ujumbe wa simu usiku wa manane. Wako wengi wanaobaki nayo moyoni kwa kukosa wa kumuuliza, na hao ndio ninaowaandikia. Majibu yanategemea Qur'ani, hadithi zinazokubalika, na mafundisho ya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Kwa jambo lenye hukumu nzito kama talaka au mirathi, mwendee sheikh au kadhi akusikilize ana kwa ana.

Dhambi yangu ni kubwa mno. Kweli inasameheka?

Inasameheka. Mwenyezi Mungu amesema katika sura ya Az-Zumar, aya ya 53: “Sema: Enyi waja wangu waliojidhulumu nafsi zao! Msikate tamaa na rehema ya Mwenyezi Mungu. Hakika Mwenyezi Mungu husamehe dhambi zote.” Wanaosemeshwa hapa si watu wa makosa madogo. Ibn Abbas amesimulia kuwa washirikina waliokuwa wameua sana na kuzini sana walimwendea Mtume (S.A.W.), wakamwambia: haya unayotuitia ni mazuri, laiti ungetujulisha kama tuliyoyatenda yana kafara. Ndipo aya hii ikashuka, pamoja na ile ya Al-Furqan inayotaja shirki, kuua na zinaa. Na mbele kidogo katika Al-Furqan, aya ya 70, Mwenyezi Mungu anaahidi kuwa mwenye kutubu, akaamini na kutenda mema, maovu yake yatabadilishwa kuwa mema. Soma tena hapo. Anasema yatabadilishwa, hakuishia kusema yatafutwa.

Iko pia hadithi ya mtu wa kale aliyeua watu 99, waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri. Alikwenda kwa mcha Mungu mmoja akauliza kama ana toba. Yule akamjibu hana, naye akamuua, wakatimia 100. Kisha akaelekezwa kwa mwanachuoni, na huyu akamwambia: nani awezaye kukuzuia na toba? Ila akamwamuru aihame nchi yake, kwani ilikuwa nchi ya uovu, aende penye watu wanaomwabudu Mungu. Akafia njiani. Malaika wa rehema na malaika wa adhabu wakamgombania, umbali ukapimwa, akakutwa yu karibu zaidi na kule alikokuwa anakwenda, kwa kadiri ya shibiri moja. Hakuwa amefika. Hakuwa na rekodi ya mema ya kuonyesha. Alikuwa na safari aliyoianza, basi.

Huwa namfikiria sana yule mcha Mungu wa kwanza. Ibada alikuwa nayo, elimu hakuwa nayo, akafunga mlango usio wake. Ukimkuta mtu anayekwambia kwa jina la dini kwamba wewe umekwisha, mpite utafute mwingine.

Lakini si imesemwa kwamba shirki haisamehewi?

Aya hiyo (An-Nisaa, 48) inamhusu anayekufa akiwa juu ya shirki bila kutubu. Aliyeiacha angali hai, toba yake hupokelewa. Masahaba wengi walikuwa waabudu masanamu kabla ya kusilimu. Kama uliwahi kwenda kwa mganga, ukachinja, ukavaa hirizi ukaitegemea badala ya Mola wako, hilo nalo limo ndani ya “dhambi zote”. Achana nalo na utubu.

Nimetubu mara nyingi, kisha narudia palepale. Si ninamfanyia Mungu mzaha?

Anayefanya mzaha ni yule anayesema “astaghfirullah” huku ameshapanga kurudi Ijumaa jioni. Wewe uliyeazimia kwa dhati kisha ukateleza, toba yako ya kwanza ilikuwa toba, na hili la leo ni kosa jipya linalotaka toba mpya. Katika hadithi qudsi, yaani ile ambayo Mtume anasimulia maneno ya Mola wake, iliyo kwa Bukhari na Muslim, mja anatenda dhambi na kuomba msamaha, anasamehewa, anarudia, anaomba, anasamehewa, anarudia tena. Kila mara Mola anasema kuwa mja wangu amejua kwamba anaye Mola anayesamehe dhambi na anayeadhibu kwa dhambi. Kinachomwokoa ni kwamba hakuacha kurudi.

Shetani hana haja ya kukufanya utende dhambi kila siku. Akikuthibitishia kwamba wewe ndivyo ulivyo na hutabadilika, utaacha kusali mwenyewe, utaacha kuomba mwenyewe, na kazi yake imekwisha.

Ila tusidanganyane kwamba azma ya moyoni inatosha peke yake. Yule muuaji aliambiwa ahame. Ikiwa dhambi yako ni kubeti, futa programu kwenye simu, mwachie mkeo au kaka yako asimamie akaunti ya fedha, na uache kukaa kwenye kile kijiwe ambako mazungumzo ni mikeka tu. Ikiwa ni uhusiano wa haramu, funga namba ile usiku huu, usingoje kwanza “kuagana vizuri”. Kuagana vizuri ndiko kunakorudisha watu.

Nifanye nini hasa ili toba yangu iwe sahihi?

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameyafupisha masharti ambayo hata watoto wa madrasa huyahifadhi: uache dhambi, ujute kuitenda, na uazimie kutoirudia. Ikiwa dhambi inahusu haki ya mtu, linaongezeka la nne, kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Imepokewa kutoka kwa Abubakar kwamba mja akitenda dhambi, akatia udhu vizuri, akasali rakaa mbili na kumwomba Mungu msamaha, husamehewa. Huhitaji karamu, ubani wala mtu wa kukuombea kwa malipo. Wakati mzuri zaidi ni theluthi ya mwisho ya usiku, lakini usiifanye saa hiyo kuwa sababu ya kuahirisha. Ukisoma haya saa nne asubuhi, saa nne asubuhi inatosha.

Sala ulizoziacha kwa miaka, katika madhehebu yetu zinalipwa. Anza na moja ya kadha baada ya kila faradhi, uendelee kwa uwezo wako.

Nilichukua fedha za watu. Nimelia, nimefunga, nimetoa sadaka. Inatosha?

Haitoshi, na kukwambia inatosha kungekuwa kukuonea. Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba nani aliyefilisika, wakasema ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia kwamba aliyefilisika katika umma wake ni atakayekuja Siku ya Kiyama na sala, funga na zaka, lakini amemtukana huyu, amemzulia yule, amekula mali ya mwingine, amempiga mwingine. Watagawiwa mema yake, yakiisha kabla madai hayajaisha, atabebeshwa madhambi yao. Hadithi hii ni ya Muslim.

Kwa hiyo rudisha. Kama ni pesa za kikoba ulizokuwa unatunza, mchango wa msiba, mauzo ya dukani kwa tajiri wako, au sehemu ya mirathi ya dada yako uliyoikalia kwa kuwa yeye ni mwanamke na hakuwa na wa kumsemea, ni deni. Na hili la mirathi ya dada nalitaja makusudi, kwa sababu wapo wanaume wanaosali safu ya mbele huku wanalala katika nyumba ambayo nusu yake si yao. Mwenye haki akiwa amekufa, wape warithi wake. Akiwa hajulikani na umeshamtafuta, toa kiasi hicho sadaka kwa nia kwamba thawabu ni zake.

Si lazima ujifichue. Unaweza kumpa mtu mwaminifu afikishe, au ukarudisha kwa njia ambayo mwenyewe hatajua zimetoka wapi. Kinachotakiwa ni haki imfikie. Ukiwa huna cha kulipa leo, andika deni hilo, iambie familia yako, anza na kidogo. Atakayekufa katika jitihada hiyo, nia yake ikiwa kweli kulipa, anayo ahadi ya Mtume kwamba anayechukua mali za watu akikusudia kuzilipa, Mwenyezi Mungu atamlipia.

Kuhusu kusengenya, ikiwa kumwendea uliyemsema kutaleta fitina kubwa kuliko ya kwanza, wanazuoni wengi wamesema umwombee dua na umtaje kwa wema kwenye barza zilezile ulizomchafulia jina.

Lazima nimwambie mume wangu, mke wangu au sheikh nilichokifanya?

Hapana. Mola wako alikusitiri, usijivue mwenyewe. Mtume (S.A.W.) amesema umma wake wote una salama isipokuwa wanaojidhihirisha, na akataja mtu anayetenda jambo usiku, Mungu akamsitiri, kisha asubuhi akaanza kusimulia. Katika Uislamu hakuna kiumbe anayehitaji kusikia dhambi yako ndipo isamehewe. Ukimwendea sheikh kuuliza hukumu, unaweza kusema “mtu amefanya kadha wa kadha”.

Kuna jambo moja tu ambalo sitiri haliruhusu, nalo ni kumdhuru mwingine. Ukiwa na hofu ya maradhi ya kuambukiza, nenda ukapime kabla ya kumkaribia mwenzio. Hapo kunyamaza ni dhulma.

Nimefilisika, mikopo ya kausha damu imenimaliza, wamechukua hata makochi. Hii ni adhabu?

Sijui mtu yeyote aliye hai leo anayeweza kukwambia kwa uhakika kwamba msiba fulani ni adhabu yako. Aliulizwa Mtume (S.A.W.) watu gani wana mitihani mikali zaidi, akasema ni Manabii. Yeye mwenyewe aliondokewa na mkewe Khadija na ami yake Abu Talib mwaka mmoja, kabla ya Hijra, kisha akaenda Taif akapigwa mawe mpaka miguu ikatoka damu. Ayub aliguswa na dhara, na dua yake katika Al-Anbiyaa, aya ya 83, haina hata ombi ndani yake. Ameeleza hali yake na kumtaja Mola kuwa ni mwenye kurehemu kuliko wote wanaorehemu, akanyamaza. Akajibiwa.

Kama ndani ya shida kuna kosa lako, kwa mfano ulijua mkopo ni wa riba ukauingia, tubu kwa sehemu hiyo. Lakini usiugeuze umaskini kuwa ushahidi kwamba Mungu amekuchukia.

Halafu yapo mambo mawili ambayo wenye madeni hawaambiwi vya kutosha. La kwanza, Al-Baqara, aya ya 280, inamwamuru anayedai ampe muda mwenye dhiki mpaka awe na wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Anayekudai akiwa Muislamu, msomee kwa adabu. La pili, wenye madeni wametajwa katika At-Tawba, aya ya 60, miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Kuomba fungu hilo si fedheha, Mwenyezi Mungu mwenyewe ameliweka. Kamati za misikiti zinazogawa zaka yote kwa kilo za mchele mwezi wa Ramadhani zingefanya vyema kukumbuka fungu hili, maana mtu akitolewa kwenye deni, anasimama na nyumba yake yote.

Dua aliyofundishwa mwenye deni, iliyopokewa na Ali, ni: *Allahumma-kfini bihalalika an haramik, wa aghnini bifadhlika amman siwak.* Nitosheleze kwa halali yako nisihitaji haramu yako, na unitajirishe kwa fadhila zako nisimhitaji asiyekuwa wewe.

Nilipoamua kuwa mkweli na kuacha maovu, mambo yangu yakazidi kuharibika. Kwa nini?

Ningependa umjue Ka'b bin Malik. Mwaka 9 Hijria (630), Mtume (S.A.W.) aliondoka na jeshi kwenda Tabuk, joto kali na matunda yameiva. Ka'b hakuwa mgonjwa wala maskini. Mwenyewe anasimulia kuwa hakuwahi kuwa na nguvu na uwezo kama wakati ule. Kila asubuhi alisema atajiandaa, na kila jioni hakuwa amefanya kitu. Jeshi likaenda. Waliporudi, watu zaidi ya 80 waliobaki nyuma wakaja na visingizio na viapo, wakakubaliwa kwa dhahiri yao na kwenda zao. Ka'b akakaa mbele ya Mtume akasema sikuwa na udhuru wowote.

Malipo ya ukweli huo, kwa siku zilizofuata, yalikuwa machungu. Yeye na wenziwe wawili waliosema kweli, Murara bin Rabi na Hilal bin Umayya, walitengwa. Watu walikatazwa kusema nao. Alikuwa akitoa salamu msikitini, akitazama kama midomo ya Mtume imetikisika kumjibu. Aliparamia ukuta wa shamba la binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda kuliko wote, akamsalimu, salamu isirudi. Ikamjia barua ya mfalme wa Ghassan: tumesikia bwana wako amekutenga, njoo kwetu tukuliwaze. Akaitia kwenye tanuri. Siku ya 40 akaamriwa ajitenge na mkewe.

Asubuhi ya siku ya 50, amesali Alfajiri juu ya dari ya nyumba yake, akasikia mtu akipiga ukelele kutoka mlima Sal': ewe Ka'b, pokea habari njema! Akaanguka kusujudu. Alipofika msikitini, Talha bin Ubaidullah akainuka mbio kumpa mkono, jambo ambalo Ka'b hakulisahau maisha yake yote. Na Mtume, uso unang'aa, akamwambia apokee bishara ya siku iliyo bora kwake tangu alipozaliwa na mama yake. Toba ya watu hao watatu imo ndani ya Qur'ani, At-Tawba, aya ya 118.

Waliosema uongo walilala vizuri siku zote hizo 50. Kwa hiyo usipime kukubaliwa kwako kwa jinsi wiki hii inavyokwenda. Na tahadhari na barua ya Ghassan, maana haikosi kuja. Mtu akiacha kazi ya haramu, ofa nono ya haramu humjia mwezi uleule alioshindwa kodi ya nyumba. Akimwacha yule bwana, naye ndipo anapokumbuka kupiga simu.

Mungu namtumaini, lakini familia yangu haitaki hata kuniona.

Wahshi alimuua Hamza, ami yake Mtume, katika vita vya Uhud. Baadaye akasilimu na Uislamu wake ukapokelewa, ila Mtume (S.A.W.) alimwuliza kama anaweza kutomwonyesha uso wake. Wahshi hakubishana. Alikaa kando, na baada ya Mtume kufariki akawa miongoni mwa waliomuua Musaylima, mtume wa uongo, katika vita vya Yamama.

Toba inakurudisha kwa Mola, haiwalazimishi uliowaumiza wapone kwa ratiba yako. Mama akikwambia usije nyumbani kwa sasa, usije, lakini tuma matumizi ya watoto, pokea simu ukitukanwa, na usiseme “mbona Mungu kanisamehe”.

Nimezaa nje ya ndoa. Mwanangu ana laana?

Hana. “Wala mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine” (Fatir, 18). Mtoto wako amezaliwa bila dhambi kama alivyozaliwa mtoto wa imamu. Anayemwita kwa jina la kumtusi ndiye mwenye jambo la kutubia.

Nimetubu lakini sisikii chochote moyoni. Mkavu tu.

Machozi ni tunu, si sharti. Masharti umeshayasoma juu. Ukiyatimiza, mdhanie Mola wako vyema, na uendelee na istighfari, Mtume (S.A.W.), aliyesamehewa, alikuwa akiomba msamaha zaidi ya mara 70 kwa siku. Moyo hulainika taratibu.

Nimechoka. Nafikiria kuyamaliza maisha yangu.

Ndugu yangu, dada yangu, sikiliza aya hii: “Wala msijiue. Hakika Mwenyezi Mungu ni Mwenye kukurehemuni” (An-Nisaa, 29). Angeweza kufunga katazo hilo kwa kitisho, na hapo hapo amelifunga kwa kutaja rehema. Anakukataza kwa kuwa anakuonea huruma.

Usikae peke yako usiku huu. Mwambie mtu mmoja kwa maneno ya wazi, “nataka kujiua”, awe dada yako, jirani au imamu, na mwende pamoja hospitali. Ondoa karibu nawe chochote ulichofikiria kukitumia, au mpe mwenzio akuwekee. Huzuni ya namna hii mara nyingi ni maradhi, na Mtume (S.A.W.) ametuamuru kujitibu. Kumwona daktari wa afya ya akili hakupingani na kumtegemea Mungu. Na ukiambiwa kwamba wewe ni mtu wa imani dhaifu, kumbuka Yaqub alilia mpaka macho yakawa meupe, akabaki Nabii.

Siwezi kungoja hadi nihiji, au nizeeke kidogo?

Toba hupokelewa kabla roho haijafika kooni. Nani kakuonyesha tarehe ya hapo?

Kijana wetu ametoka soba, kwenye nyumba ya kuwasaidia waraibu wa dawa za kulevya. Ameacha unga, anakuja msikitini, lakini watu wanamnong'ona na kuficha viatu vyao. Tufanye nini?

Enzi ya Mtume (S.A.W.) alikuwapo mtu aliyeitwa Abdullah, akiletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi. Siku moja mtu akamlaani kwa jinsi anavyoletwa mara nyingi. Mtume akasema msimlaani, kwani anampenda Mungu na Mtume wake. Hakuwa ameshaacha pombe mtu huyo. Wa kwenu ameacha.

Basi imamu aseme nao, bila kumtaja jina. Mzee mmoja anayeheshimika asali ubavuni mwake wiki kadhaa, watu wataona. Familia isimwachie fedha nyingi mkononi miezi ya mwanzo, na hilo aelezwe mapema kwa upole ili asilione kuwa ni dharau. Apewe kazi ya kweli, ya kulipwa, hata kama ni kubeba matofali au kusaidia gengeni, kwa sababu kijana anayekaa kutwa nzima bila kazi hurudi maskani kulekule alikotoka. Akianguka tena, arudishwe soba, na siku akitoka nafasi yake kwenye safu aikute.